Mama Mkwe Alipotulia

Jumapili, 3 Machi

Mama mkwe amefika. Upepo wa juma lililopita uling'oa bati za nyumba yake kule Butiama, na shemeji yangu Rafaeli hawezi kuezeka upya mpaka mvua zikatike. Kwa hiyo masika haya Mama Nyangi ni wa kwetu, hapa Bugwema. Mke wangu Miriamu amefurahi mpaka ameunguza maharage.

Mimi nimefurahi na nimeogopa. Kwetu mkwe hamshiki mama mkwe mkono, hali chakula mbele yake, wala hakanyagi kizingiti cha chumba anacholala. Kuja kwake kusalimia na kuondoka tulikuzoea. Kukaa mji mmoja, ndani ya uwanja mmoja, msimu mzima ni jambo jingine. Tumempa chumba cha peke yake nyuma ya jiko, mlango wake hautazamani na baraza ninayokaa mimi.

Jumanne, 5 Machi

Palizi ya pamba. Mvua ikatufukuza kabla ya saa sita.

Alhamisi, 7 Machi

Huyu mama ana akili kama wembe. Jioni nilikuwa zizini, yeye yuko nyuma ya ukuta wa jiko, nikamsikia:

"Miriamu, mwambie mwenye mji yule ndama wake mwekundu ana minyoo."

"Mwambie mama nimesikia," nikajibu.

"Mwambie asisikie tu, atafute dawa."

Miriamu katikati, mikono imejaa unga: "Jamani, si mnasikiana? Mimi mnanifanya simu?"

Nikasikia mama mkwe akicheka. Nimemwangalia ndama. Ana minyoo kweli.

Jumapili, 17 Machi

Watu wametoka kanisani wakaja kumsalimia. Kila mmoja mama kamtajia baba yake, babu yake na mji walikotoka. Hakukosea hata mmoja. Shida, jirani yetu, alitoka anacheka: "Mama huyu ananijua kuliko ninavyojijua."

Jumatano, 20 Machi

Mvua tangu asubuhi. Shambani hakukanyagiki. Nimeshinda barazani nasuka kamba za ng'ombe.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua. Baraza.

Jumamosi, 23 Machi

Mvua. Baraza tena. Mpaka nachukia kamba.

Miriamu analalamika kwamba chai ya mama inarudi kikombe kizima. Uji nao anauonja tu. Akiulizwa anasema, "Sina kiu, mvua yenyewe inanitosha."

Jumatano, 27 Machi

Jua lilipokuwa linazama mama mkwe kamuuliza Miriamu nani amewaachia furu ukutani. Miriamu akadhani ni utani. Hapana. Mama alikuwa anawaonyesha kwa kidole, wale samaki wadogo, wanapanda ukuta kundi zima. Kisha akamwita Miriamu kwa jina la dada yake aliyefariki zamani.

Miriamu amekuja kwangu ametoa macho. 

Alhamisi, 28 Machi

Asubuhi mama ni mzima. Kamgombeza Miriamu kwa kuzidisha chumvi. Tumeshukuru, tumeona ilikuwa ndoto tu.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka

Rafaeli amekuja na pikipiki kutoka Butiama na mkate mkubwa. Tulikuwa tumemwambia kwa simu kwamba mama anaweweseka. Amemkuta amekaa mkekani, kajifunga kitambaa kipya, anamuuliza habari za mbao na misumari. Shemeji akatoka nje na uso umekunjamana.

"Dada, mbona mama mzima? Au umeshamchoka?"

"Rafaeli, ungemuona jana jioni."

"Kila siku jana jioni! Mimi naona leo."

Miriamu ameenda kulia jikoni. Mimi nilimkasirikia shemeji. Ni mtu wa sauti kubwa, anafika, anahukumu, anawasha pikipiki.

Hakufika mbali, nadhani, mama akaanza. Amefunga kanga zake bunda moja, anataka aende, eti mama yake anamngoja na chakula kinapoa. Mama yake! Miriamu kamshika mlangoni mpaka akachoka.

Jumatano, 3 Aprili

Mchana analala, usiku anaita watu. Miriamu macho mekundu. Mvua.

Ijumaa, 5 Aprili

Shida kaleta vidonge kutoka duka la dawa, vile vya mafua vinavyoleta usingizi. "Hata watoto wanapewaga," amesema, "mpumzike na nyie." Ni mtu wa huruma. Mama amepewa, kalala.

Jumamosi, 6 Aprili

Ameamka vibaya kuliko siku zote. Rafaeli kafika saa nne, naye leo kaiona mwenyewe hiyo jana jioni yetu. Mama hakumjua. Alimwita mwizi wa mbuzi, akamrushia bakuli la uji. Shemeji alitoka mle chumbani uji unamtiririka shingoni, jitu zima.

"Shemeji," akaniambia, "hapa kwenu kuna mtu."

"Mtu gani?"

"Mama alikuja hapa mzima. Juzi mzima, leo hamjui mwanawe. Ugonjwa gani unaenda hivyo, unakuja unaondoka kama mgeni? Nampeleka Bunda, kuna mtumishi anaombea."

"Maombi sikatai. Lakini aanzie hospitali."

"Hospitali watasema uzee! Watampa panado!"

Nikasikia aibu, kwa sababu hata mimi moyoni nilikuwa nimeshasema ni uzee. Tulikuwa tunagombania ujinga, yeye wa kwake, mimi wa kwangu. Miriamu kaamua: tungoje, tutazame siku chache.

Jumapili, 7 Aprili

Msiba. Mama mdogo wa Kibara, mdogo wake mama mkwe, amefariki. Mama hajaambiwa, maana hata akiambiwa sijui litafika wapi. Miriamu na Rafaeli wameondoka kwa pikipiki kupitia Bunda, mazishi ni Jumanne. Shida atashinda na kulala kwa mama. Mimi nimebaki mwanamume wa nje, kazi yangu kuchota maji na kuuliza kutoka mbali.

Jumatatu, 8 Aprili

Nimejikata kidole cha mguu kwa jembe, na namshukuru Mungu kwa lile jembe.

Zahanati iko ng'ambo ya korongo. Daktari wetu, Prudence, ni binti kijana, hana haraka. Alipokuwa anafunga bendeji akaniuliza kwa nini nimekonda, nikajikuta namweleza yote. Mkono wake ukasimama.

"Baba, ilianza lini?"

"Kabla tu ya Pasaka."

"Kabla ya hapo? Alikuwa anasahau? Anapotea njia?"

"Huyo? Alikuwa anatutajia mababu zetu."

"Basi sikiliza. Uzee hauji juma moja. Uzee unakujaga polepole, mwaka kwa mwaka, mpaka watu wa nyumbani hawakumbuki ulianza lini. Kitu kilichokuja ghafla, asubuhi kinapungua, jioni kinapanda, anaona vitu ukutani, mchana analala usiku yuko macho, hiyo siyo akili iliyozeeka. Huo ni mwili unaumwa mahali, na akili ndiyo inapiga kelele. Kwa wazee inaweza kuwa malaria, mapafu, mkojo, kukaukiwa maji, hata choo kufunga. Homa unaweza usiione kabisa."

Wazungu wana jina lake. Kalitaja, sikulishika. Mimi nimeliita kuweweseka kwa ghafla, akasema linatosha.

Nikamwambia kuhusu vidonge. Akafumba macho kidogo. "Hivyo vinaongeza. Visimame leo."

Akanifundisha na jambo la kumpima: aambiwe ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma, kuanzia Jumapili. Mtu mwenye akili zake, hata kama hakusoma, atajikongoja afike. Mwenye hali hii anashika siku moja au mbili, uzi unamponyoka.

Nimefika mlangoni akaniita tena. "Baba, na kama akinyamaza, usifurahi. Wanaopiga kelele watu wanawaleta. Wanaonyamaza, wanaolala tu, wanaokubali kila kitu, hao tunaletewa wamechelewa. Mlete leo."

Leo haikuwezekana. Nimevuka korongo maji yakiwa kwenye kifundo, na nilipofika nyumbani mvua ikashuka kama imemwagwa na beseni. Nikarudi kutazama: korongo limejaa, linabeba magogo. Nimempigia Miriamu, simu inakatikakatika, amesema kesho wakizika tu wanaanza safari. Nimemwambia Shida asimpe tena vidonge, ampe maji kidogo kidogo. Shida kashika mdomo: "Mungu wangu, Baba Boke, mimi nilitaka kusaidia." Nimemwambia najua. Boke ndiye binti yetu wa kwanza, aliyeolewa Mwanza. Leo nimetamani angekuwa hapa, angeweza kuingia mle ndani.

Jumanne, 9 Aprili

Naandika nikiwa Musoma.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Shida katoka chumbani kwa mama anatabasamu, tabasamu la mtu aliyelala vizuri. "Leo tumshukuru Mungu, Baba Boke. Mama ametulia kama mtoto. Hasumbui, hagombi, nikimwambia geuka anageuka."

Nikakumbuka alichoniambia Prudence. Nikaenda kusimama nje ya ukuta, nikasema kwa sauti, bila mtu wa kati, kwa sababu wa kati alikuwa Kibara.

"Mama, umeamkaje?"

"Ndiyo."

"Umekunywa maji?"

"Ndiyo."

"Mama, ng'ombe wangu wote ni samaki, si ndiyo?"

"Ndiyo."

Mama huyu, aliyejua minyoo ya ndama wangu kupitia ukuta! Nikaenda mpaka mlangoni. Shida akasimama mbele yangu, mikono ameinyoosha.

"Baba Boke, usithubutu. Ngoja Mama Boke arudi. Watu watasema nini?"

"Watasema. Ondoka, Shida."

Hakuondoka. Nikamwambia, "Haya, basi muulize wewe siku za wiki, arudi nyuma." Akamuuliza, mimi nikiwa nimesimama kizingitini, nimegeuzia uso nje. Sauti ndogo ikasema: "Jumapili." Kisha kimya. Kisha tena: "Jumapili." Kisha hakuna kitu. Shida akageuka kuniangalia, na lile tabasamu la asubuhi limemtoka. Akasogea pembeni.

Nikaingia.

Miaka yote hii nilikuwa sijamtazama uso huyu mama zaidi ya salamu. Ni mdogo kuliko sauti yake. Midomo imekauka, imepasuka kama udongo wa Januari. Macho yako wazi, yalipita juu yangu yakaenda kwingine. Na vidole vyake vilikuwa vinafanya kazi kwenye blanketi, vinachomoa, vinachomoa, vinapeleka pembeni. Nikatazama muda ndipo nikaelewa. Alikuwa anachuma pamba. Anaichuma vizuri, bila majani, anaitia kwenye gunia ambalo halipo.

"Mama," nikasema, "mimi ni Evance, mume wa Miriamu. Nakubeba."  Nilimwinua, akawa mwepesi, na hilo ndilo lililonitisha.

Pikipiki yangu ilitufikisha korongoni tu, mama katikati, Shida nyuma amemshika. Maji yalikuwa yamepungua lakini bado yanavuta. Nikakata fimbo ya kupimia. Nikamweka mama mgongoni, Shida akatufunga kwa kanga mbili kama mtoto anavyofungwa, akaingia nyuma yetu amenishika mkanda. Katikati maji yakafika mapajani, mguu wenye bendeji ukateleza juu ya jiwe, nikasikia Shida anapiga kelele jina la Yesu. Tukasimama, sote watatu, maji yanatusukuma. Ndipo mama mkwe, kinywa chake kikiwa sikioni kwangu, akanong'ona neno la kilugha chetu la kutuliza ng'ombe wa kulimia. Sijui alidhani mimi ni nani. Nilitulia. Nikapima kwa fimbo, nikapiga hatua, tukatoka.

Watu wa ng'ambo walituona. Mwanamume amembeba mama mkwe wake mgongoni mchana kweupe, wote wamelowa. Mzee mmoja aligeuza uso. Kijana mwingine alivua koti akamfunika.

Prudence alimtazama mara moja akaagiza dripu, akapiga simu. Gari lilikuja kutoka mjini baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka. Sasa yuko wodini. Mimi nimelala kwa binamu yangu, mtaa wa Mukendo. Nguo zangu bado zina matope na sijali.

Jumatano, 10 Aprili

Wamepima. Ni mkojo: U.T.I. kali, na mwili umekauka maji. Daktari wa wodi kasema ingekuwa siku mbili zaidi tusingezungumza.

Rafaeli na Miriamu wamefika mchana kutoka msibani, matope na machozi. Shemeji kanikuta korido, akasimama karibu mno.

"Nimesikia ulimbeba mama yangu."

"Nilimbeba."

"Mgongoni."

"Mgongoni."

Nikajiandaa kupigwa, kwa kweli. Akaniangalia miguu. "Korongo lile? Na mguu huo?" Kisha akakaa chini sakafuni palepale, jitu lile, akaficha uso kwenye kofia. Nikakaa naye. Tukabaki pale mpaka muuguzi akatuambia tunaziba njia.

Ijumaa, 12 Aprili

Muuguzi ametueleza kwamba dawa inatibu mkojo, lakini akili tunairudisha sisi. Akae na watu anaowajua, mmoja mmoja, si kundi. Dirisha liwe wazi mchana. Usiku taa izimwe, asisumbuliwe. Anywe maji. Aambiwe siku, aambiwe yuko wapi, kwa upole, na akisema kitu cha ajabu asibishiwe.

Nilidhani kazi hiyo ni ya Miriamu. Ni Rafaeli aliyeichukua. Mtu yule wa sauti kubwa amejifunza kunong'ona. "Mama, leo Ijumaa. Uko Musoma, hospitali. Mimi ni Rafaeli. Mbao za paa nimeshanunua." Akimaliza, anaanza tena. Nimemsikia kutoka dirishani. Nilikuwa simjui mtu huyu.

Jumapili, 14 Aprili

Asubuhi amefungua macho akasema: "Rafaeli, hizo mbao ni za mninga au umepigwa?"

Miriamu alikimbia nje kuniambia, akaanguka kifuani kwangu mbele ya watu wote.

Jioni mama akachanganyikiwa tena, akaniogopesha. Daktari kasema tusikate tamaa, hali hii haizimiki kama taa. Inashuka kama maji ya korongo, leo goti, kesho kifundo, na mvua ndogo inaweza kuyapandisha tena.

Jumanne, 16 Aprili

Kifundo.

Alhamisi, 18 Aprili

Ameruhusiwa. Tulipokuwa tunangoja gari Miriamu kanivuta pembeni ya geti, uso wake umebadilika.

"Nimemuuliza mama kwa nini alikuwa anakataa maji."

"Akasemaje?"

"Choo."

Sikuelewa. Ikabidi aseme yote. Choo chetu kiko ng'ambo ya uwanja, jirani na zizi. Njia inapita mbele ya baraza. Siku za mvua nilishinda pale nasuka kamba, asubuhi mpaka jioni. Mama kamwambia, "Ningepitaje mbele ya mkwe, mchana, kopo la maji mkononi? Nikaona bora nisinywe."

Sisi wote wawili tulikuwa tunaheshimiana. Yeye nyuma ya ukuta anajikausha, mimi barazani naona fahari kwamba sijawahi kumtazama.

Jumatatu, 22 Aprili

Tunachimba choo kipya nyuma ya chumba cha mama. Rafaeli kabeba bati kutoka Butiama, mabaki ya lile paa lililong'olewa. Anachimba kama mtu anayetafuta maji. Tumegombana kuhusu mlango utazame wapi, tukacheka. Sikumbuki kama tuliwahi kucheka pamoja.

Ijumaa, 26 Aprili

Choo kimekwisha. Tumeweka na uzio wa mabua. Shida kaleta kopo jipya la plastiki, la kijani.

Jumapili, 5 Mei

Maneno yamefika kanisani. Mzee mmoja ananiambia natakiwa kutoa mbuzi wa kuondoa mkosi. Sikubishana naye, nilimwambia nitaulizia nyumbani.

Jioni nikasimama nje ya jiko, nikamwambia Miriamu amuulize mama. Nikaogopa nimemuumiza. Kisha sauti ile ya wembe:

"Miriamu, waambie maiti haina mkwe. Kama mwenye mji asingeingia, wangekuwa wanadai mbuzi wa matanga. Anayetaka mbuzi aje kwangu aniombe mimi."

Hakuna aliyekuja.

Jumanne, 14 Mei

Mama anatembea na fimbo mpaka shambani. Bado anasahau neno moja moja, anakasirika. Tumemwambia kuhusu mdogo wake wa Kibara. Alilia vizuri, kilio cha mtu anayejua anamlilia nani. Miriamu kasema hajawahi kufurahia kilio cha mama yake, ila hiki.

Jumamosi, 18 Mei

Jua. Mahindi yanakauka. Mama alikuwa anapukuchua jikoni, mimi natengeneza mpini nje, na nikasikia anamsimulia Miriamu. Alijua namsikia, nadhani ndiyo maana alipandisha sauti.

"Wale furu niliwaona, mwanangu. Hata leo nikiambiwa hawakuwepo naona mnanidanganya. Na ile siku ya kimya, msidhani nilikuwa nimelala. Nilikuwa nawasikia wote. Lakini maneno yalikuwa yananifikia yamelowa. Nikishika moja linachanika. Nikaona nijibu ndiyo, labda wataniacha."

"Uliogopa, mama?"

"Sana. Mtu anaweweseka huku anajua kuna kitu hakiko sawa. Anangoja mtu aje amwambie yuko wapi."

Niliacha mpini. 

Jumapili, 2 Juni

Rafaeli amepiga simu: paa la Butiama limekwisha. Mama kasema atarudi kwake baada ya pamba, amezoea choo chake cha hapa. Tumecheka pande zote mbili za ukuta.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekaa zahanati, kwenye benchi la nje, na jua ni zuri.

Leo asubuhi Miriamu alikwenda kisimani. Shida kaja kuazima ungo, akakaa na mama mkwe, aliyekuwa anapukuchua mahindi mlangoni pa jiko, wakipiga hadithi. Mimi nilikuwa ninaanika mahindi. Shida akasema kwamba baba mkwe wake, mzee Boniphace, siku hizi anawapumzisha. Tangu jana amelala tu, hamsumbui mtu.

Mama mkwe aliacha mahindi. "Juzi alikuwaje?"

"Juzi alikuwa anagombana na kuku, eti ni askari. Tulicheka sisi."

"Na wiki iliyopita?"

"Wiki iliyopita si alienda mnadani mwenyewe, akauza..." Shida akakatisha. Nilimwona akisimama, ungo ukaanguka.

Mama mkwe alikwisha chukua fimbo. Alitembea haraka kuliko nilivyojua anaweza, Shida mbele, mimi nikifuata nyuma kwa umbali wa adabu. Aliingia mle ndani. Nikasikia, sauti yake ikiwa chini, laini kama ya Rafaeli kule wodini:

"Boniphace, mimi ni Nyangi wa Butiama. Nitajie siku za wiki, turudi nyuma. Jumapili..."

Tulingoja. Kuku walikuwa wanapekua uwanjani. Mzee Boniphace hakusema hata hiyo Jumapili.

Mama mkwe akatoka mlangoni. Alitazama huku na huku kumtafuta Miriamu, kama kawaida. Miriamu hakuwepo. Basi akanitazama mimi, usoni, moja kwa moja.

"Evance," akasema. "Washa pikipiki. Shida atakaa nyuma amshike."

"Ndiyo, mama."

Korongo ni kavu, tulivuka bila kushuka. Prudence kamtoboa kidole, kapima: malaria nyingi. Kasema tumewahi. Dripu imeshaingia, dawa imeshaingia.

Mama mkwe kafika baadaye kwa miguu, ameegemea fimbo na bega la Miriamu, akakataa kupumzika. Sasa hivi yuko ndani, amevuta kigoda karibu na kitanda, amefungua dirisha lote. Namsikia kutoka hapa. Kila mzee anapofumbua macho, anamwambia:

"Leo ni Jumamosi, Boniphace. Uko Bugwema, zahanati. Huyu ni Shida, mke wa mwanao. Umeenda mbali kidogo tu. Utarudi."